Bata wa Kuazima

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari hili nilimnunulia binti yangu. Akasema ofisini kwao yamejaa. Basi nimelichukua mimi, na afadhali, maana mambo ya mwanangu yaandikwe na mtu asiyemwonea kijicho.

Binti yangu ni mhifadhi. Si mlinzi wa getini, kama jirani yangu anavyopenda kusema. Mhifadhi! Amesoma habari za wanyama, ndege na majani mpaka wakamvisha joho. Mimi niliishia darasa la saba, na akili zile alizirithi wapi, watu wajijibu wenyewe.

Kazi yake ni bwawa lililo nyuma ya ofisi ya mji. Analitunza na kuwaeleza watu faida yake. Watu hawataki kuelezwa. Wanataka pa kuegesha magari.

Mimi napika chai kwenye ofisi hiyohiyo. Leo naingiza birika kwenye mkutano wa kamati, nasikia bwawa linatajwa. Nikapunguza mwendo. Nikamimina tone kwa tone. Mhandisi alitaka lifukiwe mwezi huu huu. Mwenyekiti akasema hapana, kwanza kamati iende Jumamosi, ihesabu ndege, imsikilize binti, ndipo ipige kura. Akauliza ndege wenyewe wangapi. Mhandisi akachekea puani: eti wawili watatu, na mmoja ana kikohozi.

Nikammiminia chai mpaka ikajaa kwenye kisahani. Kwa makusudi.

Bwawa likifukiwa, kazi ya mwanangu imefukiwa nalo. Aliajiriwa kwa ajili ya hilo bwawa tu.

Nimetoka na birika tupu na kichwa kimejaa.

Jumanne, tarehe 4

Wakati wa chakula nimemuuliza ana ndege wangapi, kama mtu anayeuliza tu. Akafungua kitabu chake kwa fahari. Kumi na tisa.

Kijiko kiliniponyoka. Kumi na tisa! Banda la jirani yangu lina zaidi ya hao, na yule hajasomea chochote!

Akanieleza. Mwanangu anaeleza vizuri jamani, sauti kama ya mtangazaji. Eti wingi si hoja, hoja ni nani yupo na anafanya nini. Mayungiyungi yanatandaza majani yao, maji yanapata kivuli. Viluwiluwi wanakula ule utando wa kijani, maji yanabaki safi. Wakiwa vyura, wanakula mbu. Korongo anakula vyura, kinyesi chake kinarutubisha mayungiyungi, na mambo yanaanza upya. Kila mmoja ana zamu yake kama jikoni kwenye shughuli. Ukimtoa mmoja, wote wanayumba. Ukimwingiza asiyehusika, vilevile.

Hilo la mwisho alilisema. Nakiri alilisema. Lakini mimi nilikuwa nimeinuka kufuata chumvi.

Kisha akanieleza habari ya ndege wake kipenzi, wa kahawia, vidole virefu kama sindano za kufumia. Anatembea juu ya majani ya yungiyungi na hazami! Jike akishataga anakwenda zake. Dume ndiye anayeatamia, dume ndiye anayelea. Nikamgeukia mume wangu. Akaongeza sauti ya redio.

Huyo dume analalia mayai manne sasa hivi. Mwanangu anataka kamati imwone yeye. Ndege mmoja! Mbele ya mhandisi!

Nilikubali kwa kichwa. Kwa moyo nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.

Jumatano, tarehe 5

Mpango wa kwanza. Ndege anafuata chakula, hilo halihitaji joho. Nimekusanya mabaki ya mkate ya wiki nzima na kuyamwaga kando ya bwawa saa nne asubuhi.

Walikuja! Kunguru. Niliwahesabu thelathini na wawili kisha nikaacha, maana mmoja alikuwa amesimama kwenye kichwa cha toroli langu la chai ananikodolea macho kama mkaguzi. Baadaye walihamia madirishani. Walimpokonya mhandisi mkate wake wa saa tano akiwa ameushika. Hiyo nitaihesabu kuwa faida.

Mwanangu alishinda akiwafukuza kwa ufagio. Kunguru wanakula mayai, kumbe. Hakula mchana. Jioni akasema kuna mtu asiye na akili amemwaga mkate bwawani. Nikasema watu wengine hawana adabu kabisa.

Mayai bado manne. Nimeshukuru.

Kosa lilikuwa aina ya ndege. Wanatakiwa ndege wa majini.

Alhamisi, tarehe 6

Ndege wa majini anao jirani yangu, Mama Rubani. Bata kumi na wawili, weupe, wanene kama yeye.

Huyu mama tumepakana ukuta miaka ishirini. Mwanawe yuko uwanja wa ndege, na kwa maelezo yake anarusha ndege. Mimi nina shemeji aliyemwona na fulana ya njano akipakia masanduku. Sijawahi kumwambia mtu. Isipokuwa wale wa bombani.

Nimekwenda kwake na khanga safi na maneno matamu. Nikaomba bata kwa siku mbili, kwa maonyesho ya mwanangu. Akaweka mikono kiunoni.

“Kwani ndege wa binti yako wamekwenda wapi, shoga? Wamestaafu?”

Nikameza. Kwa mwanangu nameza hata jiwe. Akasema bata nitapata, ila kwanza twende bombani, nikatamke mbele ya wenzangu kwamba mwanawe ni rubani kamili. Tukaenda. Nikatamka. Akasema wa nyuma hawakusikia. Nikatamka tena. Mmoja akauliza, na ile fulana ya njano? Nikasema ni sare ya marubani wakati wa joto.

Mungu anisamehe. Bata wangu!

Ijumaa, tarehe 7

Shida imejitokeza. Bata ni weupe mno. Mtoto wa chekechea angejua ni wa kufugwa.

Basi nimetumia taaluma yangu. Majani ya chai vikombe vinane, maji ndoo mbili, nikachemsha, nikaacha yapoe. Nikawaogesha mmoja mmoja kwenye karo la ofisini, mlango nimeufunga. Wametoka na rangi ya kahawia ya kupendeza, kama wametoka porini wiki hii. Walipiga kelele sana. Karani aligonga akauliza kuna nini, nikasema birika linavuja.

Saa kumi na moja mwanangu aliondoka. Nikawatoa na toroli la chai, sita juu, sita chini, nimewafunika kitambaa cha meza. Wakatumbukia bwawani kwa furaha hata nikatokwa na machozi. Kumi na tisa na kumi na wawili, thelathini na mmoja!

Nimemwambia mume wangu kesho atavaa koti. Akauliza nimefanya nini. Hakuuliza koti la nini, aliuliza nimefanya nini. Mwanamume huyu ana dhana mbaya.

Jumamosi, tarehe 8

Niandike tu.

Kamati ilifika saa tatu, watu saba. Wananchi kama arobaini, nusu yao niliwaalika mimi. Mwanangu alitangulia kushuka kwenye ukingo, akasimama ghafla. Sikumwona uso, nilimwona mgongo. Mgongo ulitosha.

Maji yale aliyokuwa akijivunia, unaona mpaka chini, yalikuwa tope. Mayungiyungi yameng'olewa, yanaelea yamepinduka. Na bata! Chai yote imewatoka. Weupe pe, ila kila mmoja kabaki na mstari wa kahawia shingoni, kama kola ya shati isiyofuliwa.

Mwenyekiti yeye alihesabu kwa kidole, akafika thelathini, akafurahi. Mhandisi akauliza hawa wenye kola ni ndege wa aina gani. Mwanangu aliwatazama bata. Akaninusa mimi, au nilidhani ananinusa.

Ndipo Mama Rubani akatokea, kitenge kipya, anamsalimia mwenyekiti kwa ile sauti yake inayovuka mitaa mitatu. Bata kumi na wawili waliinua vichwa. Wakatoka majini kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wakapita katikati ya viatu vya kamati, wakamzunguka miguuni. Akawaita kila mmoja kwa jina. Kuna mmoja anaitwa kwa jina langu.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mhandisi akasema basi, tumeona, tukapige kura.

Mwanangu akasema hapana. Alisema taratibu, na watu wakanyamaza. Akasema jana hapa palikuwa na maji safi, leo watazame wenyewe, na ni jioni moja tu na asubuhi moja. Hakuna aliyemwaga sumu. Mtu alidhani wakizidi ndiyo uzuri, akaongeza wageni kumi na wawili. Wageni wakang'oa majani yenye kivuli. Wakala mayai ya vyura, yale yaliyoonekana kama uji pale kwenye matete. Vyura hao wangekula mbu. Akaonyesha madirisha ya ofisi, yote yanafungukia bwawani. Akamwambia mwenyekiti kwa heshima kwamba mbu wa mwezi ujao wataingia kupitia lile la tatu. La tatu ni la mwenyekiti. Nilimwona anajikuna.

Kisha akawaomba wakae kimya, wamngoje mwenye nyumba. Tukangoja. Watu arobaini, bila kikohozi. Ndege wa kahawia akatoka kwenye matete, vidole virefu, akakanyaga jani moja moja lililobaki kama anayekagua hasara baada ya wezi. Akafika kwenye kiota. Akakilalia.

Mwanangu akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa na mayai manne. Sasa ni matatu.

Mhandisi akauliza, naye kwa sauti ya chini, kama hayo matatu yatapona. Akajibiwa haijulikani, ila bwawa likifukiwa inajulikana.

Kura: watano bwawa libaki, wawili lifukiwe. Mhandisi alikuwa miongoni mwa watano!

Nilipiga vigelegele. Mimi peke yangu.

Jumapili, tarehe 9

Mwanangu hajanisemesha tangu jana. Nimempelekea chai. Aliitazama, akasema hapana, ahsante. Nilielewa.

Nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia nilitaka tu wasimcheke. Nikamwambia wale kunguru walikuwa wangu pia, maana nikianza kusema siwezi kuishia njiani. Akasema alijua. Mkate ule ni wa ofisini kwetu tu.

Nilitegemea atafoka. Angefoka ningejitetea, kujitetea naweza. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: yai moja, mama.

Sikuwa na la kusema. Iandikwe, maana haijawahi kutokea.

Baadaye akaegemea bega langu, akasema hakujua kama anaweza kuongea mbele ya watu vile bila karatasi. Nikasema mimi nilijua. Hapo alicheka kidogo. Nimekoma. Nimekoma kabisa. Ndege wa mwanangu ni wa mwanangu.

Mchana nimewarudisha bata wawili waliomponyoka Mama Rubani jana, wakabaki kwenye uzio wa bwawa. Mama Rubani amesema harufu ya chai haijawatoka. Nimesema ashukuru, bata wa wenzake wananuka matope.

Alhamisi, tarehe 27

Wameanguliwa! Watatu wote! Baba yao akiona hatari anawabana chini ya mabawa na kukimbia nao, vijiguu vinaning'inia, unadhani ni ndege mmoja mwenye miguu minane. Mwenyekiti anakuja kila siku na kiti chake. Mhandisi amechora kibao kwa mkono wake: Usilishe, Usiongeze, Tazama. Walimu wanaleta wanafunzi, mwanangu anawaeleza, na kila mara anaanza na habari ya bata. Kila mara! Darasa zima linacheka, halafu linaelewa.

Nimelitafakari hili nikiwa naosha vikombe. Bila bata wangu, angeanzia wapi? Angeongea habari za kivuli na utando wa kijani, watu wangesinzia, na leo tungekuwa na magari pale. Simlazimishi mtu kunishukuru. Pale bombani nimeshaeleza jinsi ilivyokuwa, na wameelewa.

Leo nilipita na toroli akiwa anawafundisha. Akawaambia panya wameanza kuwa wengi kwenye matete, wanatishia viota, kwa sababu zamani kulikuwa na mnyama wa kuwawinda na sasa hayupo. Akasema ni pengo. Alisema pengo mara mbili, kwa huzuni. Mzazi gani atasikia hivyo, aendelee kusukuma toroli?

Fundi wa kuchomelea geti ana kenge. Mkubwa, urefu wa benchi, anamfuga ndani ya pipa. Nimeuliza kama anakula panya. Fundi amesema anakula chochote.

Namchukua Jumamosi. Rangi yake ni nzuri tayari, hata chai hahitaji.