Gauni Lililosimama Peke Yake

Jumatatu, 3 Juni

Umepotelea wapi, mwanangu? Kazi gani hiyo isiyo na njia ya kurudi nyumbani? Basi naandika humu, kwa hizi herufi zangu za kupinda alizonifundisha binti yako. Ukija usome, uone haya.

Alhamisi hii, huyo huyo binti yako anaapishwa kuwa muuguzi. Gauni jeupe. Mkeo kasema lipelekwe kwa Dobi, jirani yetu. Nimekataa. Mtoto niliyemfulia nepi, gauni lake la kiapo akalifue mtu baki? Litapita mkononi mwangu, na kola yake itakakamaa kuliko kola zote.

Jumanne, 4 Juni

Nimechungulia uani kwa Dobi. Mwanamke yule ana mkono, wacha niseme kweli. Mashati yake yamekakamaa kambani kama askari wa gwaride, na bado ukiyagusa ni nguo. Neno lenyewe nalipenda. Kola ikikakamaa, sifa. Shingo ikikakamaa, ugonjwa. Mtu akikakamaa, adui zake humwita mkaidi, bibi yake humwita jasiri.

Dobi akanikuta nimesimama juu ya ndoo. Nikamwambia namtafuta kuku wangu. Akasema sijawahi kuwa na kuku. Kisha, bila kuombwa, akanieleza: wanga kijiko kimoja kwa beseni, maji yawe mepesi.

Nikacheka moyoni. Nani humpa mshindani wake siri? Nimetia pakiti nzima.

Jumatano, 5 Juni

Limekauka. Nimelitoa kambani, likasimama ukutani peke yake. Mkeo aliingia kutoka juani, akaliamkia shikamoo.

Binti yako akalijaribu. Mikono ikabaki imetanuka, kukaa hawezi, kuinama hawezi. Akaniuliza, sasa bibi, mgonjwa nitamchomaje sindano, nimwombe airukie? Akacheka, lakini niliona machozi yanamlenga. Kiapo ni kesho, na gauni ni hilo moja.

Nikameza kiburi, kikakwama kooni, nikaenda kwa Dobi nacho hivyo hivyo. Akaliloweka, akalisuuza, akatia kijiko chake kimoja, akalipiga pasi likiwa bado na unyevu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 6 Juni

Hotuba ndefu, jua kali. Wenzake walilegea kama mishumaa. Binti yako alikakamaa, yeye na kola yake, na sauti haikumtetemeka hata neno moja la kiapo. Nimelia mpaka mtandio ukaloa.

Mama mmoja akauliza nani kalitia wanga gauni lile. Nikasema mimi. Kumbe Dobi yuko nyuma yangu. Akasema ni kweli kabisa, wanga ni wa bibi, yeye alipunguza tu.

Mwanamke yule nampenda hadi inaniudhi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa wanga. Kosa lilikuwa kuutia kwenye nguo ya mtu anayetembea. Kitu kisichotembea kina shida gani? Nimenunua pakiti mbili.

Kwa hiyo ukija, mwanangu, na uje upesi, usivute pazia la mlangoni. Piga hodi, kisha lisukume kwa bega.