Divai ya Kapya Isiyotiwa Dawa

Kapya hakuwa mwizi. Mwizi huja kuchukua kitu chako ukiwa umelala. Kapya alikuja mchana kweupe, suti yake ya abakosti imepigwa pasi, na wewe mwenyewe ukamkabidhi kitu hicho kwa mikono miwili, ukamshukuru juu yake. Lubumbashi nzima ilimjua hivyo, isipokuwa wale ambao zamu yao ilikuwa bado.

Jumatano moja alikuwa anakula samaki katika mkahawa wa Mama Chileshe, karibu na stesheni ya treni, akaona mambo mawili. La kwanza, wahandisi wawili Wazungu wa migodini waliomba divai, wakaambiwa hakuna tangu Pasaka, wakaondoka na nyuso za wafiwa. La pili, uani, chini ya turubai, kulikuwa na Vespa ya kijani.

Vespa ndiyo iliyomkosesha usingizi. Kwa miaka miwili alikuwa akimwambia Mwape, mchumba wake, kwamba Vespa yake iko kwenye meli inatoka Italia. Mwape alichoka na ile meli. "Jumapili tata anakungojea," alimwambia, yaani baba yake. "Ukikuya na miguu, pita tu. Usisimame ku mulango yetu." Na Kapya, pamoja na uongo wake wote, alimpenda Mwape kweli. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kuligeuza maneno.

Sasa, divai alikuwa nayo. Chumbani kwake, mtaa wa Katuba, kulikuwa na kreti tatu alizopewa na mlinzi wa nyumba moja kwa pakiti ya sigara, baada ya Mwitaliano mwenye nyumba kuhama ghafla. Kapya alitaka mbao za kreti tu. Chupa zenyewe zilimtia huruma: hazina karatasi, vizibo vimefunikwa kwa nta, na ndani mna ukungu na machicha. Nyingine ilikuwa na rangi ya maji ya bati lenye kutu. Alionja moja, akatema. Imeoza, akasema, na kwa mtu aliyelelewa na bia huo ulikuwa uamuzi wa haki.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya Mama Chileshe na chupa tatu, akiahidi kreti tatu nzima.

"Mama, hii divai haina dawa hata kiloko," akaanza. "Kule Ulaya banaponda zabibu na miguu, banaifunga, banaiacha ichachuke yenyewe. Ya kuuza mu magasin banaitia poda, banaichuja mpaka inakufa. Hii iko nzima."

"Sababu ya nini iko na matope?"

"Matope njo uzima yake, mama. Ukiona divai inang'aa, jua banaisha kuiua."

Mama Chileshe, mwanamke mpana mwenye macho ya usingizi, aliigeuza chupa ya rangi ya kutu. "Na hii?"

"Ile banaiacha na maganda ya zabibu miezi mingi. Njo siri ya bazee babo."

Alikuwa anabuni huku anasema, na maneno yalimjia matamu mpaka yeye mwenyewe akayasikiliza.

"Na mutu anakula nayo nini?"

"Hii nyeupe, samaki ya Kasenga. Hii ya kutu, sombe ya majani ya muhogo, sababu sombe iko na mafuta, inaomba kintu ya kuikata. Nyekundu, mbuzi ya kuchoma. Lakini itie mu frigo kwanza." Hapo kwenye friji alifikiria zaidi pua za wateja, maana baridi huficha harufu.

Mama Chileshe alitikisa kichwa polepole kukubali, mwanafunzi mwema kabisa. Kisha akaleta glasi tatu.

"Basi kunywa."

Kapya hakuwa na pa kukimbilia. Mwenye kuleta kinywaji ndiye hunywa kwanza, ijulikane kwamba hakutia kitu. Hakuna mtu katika nchi ile ambaye angeweza kukataa akabaki na jina lake. Akanywa nyeupe. Akanywa ya kutu. Akanywa nyekundu. Mdomo wake ulitabasamu, koo likakataa, na chozi moja likajitokeza bila kualikwa.

"Tamu," akasema.

Mama Chileshe alilitazama lile koo. Akamimina tone dogo kwenye kila glasi, akaonja, akakunja uso. "Miye sijue mambo ya divai. Miye iko mupishi tu. Unataka makuta ngapi?"

"Makuta ya nini kati yetu, mama? Unipe tu ile Vespa."

"Vespa ya marehemu bwana yangu?" Akapangusa jicho kwa ncha ya liputa yake, kitenge cha kiunoni. Walibishana mpaka jua likawa utosini. Mwishowe mama alishusha pumzi. "Chukua. Lakini ulete kreti zote. Hata chupa moja usiache."

Kapya alipotoka na Vespa alimwonea mama yule huruma, karibu arudi. Hakurudi.

Jumapili baba yake Mwape aliizunguka Vespa mara tatu, akairidhia. Kapya akampakia mchumba wake, akampeleka kula kwa Mama Chileshe, maana raha isiyoonwa na watu ilimchosha. Hawakupata nafasi ila karibu na jikoni. Wazungu walijaa kila meza, na Mama Chileshe alisimama katikati akisema kwa Kifaransa safi: divai nzima, maganda, miezi mingi, sombe inaomba kitu cha kuikata. Mwitaliano mmoja mwenye mvi alikunywa ile ya kutu, akafumba macho.

"Ndivyo babu yangu alivyoitengeneza," akasema. "Na maneno yako yote ni ya kweli, mama. Hebu niuzie kreti nyingine."

"Sina. Moja niliibadilisha jana kwa ile kamioneti pale nje."

Kapya alichungulia nje. Kamioneti, gari dogo la mizigo, ilikuwepo, imepakia samaki wa Kasenga. Akasimama, akamfuata mama mpaka mlangoni mwa jikoni.

"Mama, ulijua."

"Nilipikia bamon père, mapadri ba misheni, miaka kumi na munane. Mutu mwenye kujua hii divai, akikunywa anafunga macho. Weye ulifunga koo."

"Ulinidanganya, mama."

"Wapi? Ulisema haina dawa, ni kweli. Ulisema samaki, ni kweli. Enda ushitaki, uambie bantu ulikuya kuniuzia bovu, ikakosa kuoza."

"Na marehemu bwana yako?"

"Ule pale. Anapara samaki."

Mzee mmoja akainua kisu kumsalimu.

Kapya alirudi mezani. Mwape alikuwa amesikia yote, na glasi yake ilikuwa tupu.

"Kwa hiyo ulikuwa na kamioneti tatu mu nyumba," akasema polepole, "ukaomba Vespa moja."

Kapya aliona wazi kwamba anampoteza mchumba wake, na hilo liliuma kuliko kamioneti.

Mwape akanyoosha mkono. "Leta funguo."

Akampa. Mwape akatoka, akakusanya liputa yake magotini, akakaa mbele.

"Panda nyuma," akasema. "Kuanzia leo weye utasema, miye nitapatana bei."

Mwape hakuwahi kuendesha Vespa maishani mwake, lakini Kapya hakuwa katika hali ya kubisha. Akapanda, akamshika kiuno kwa nguvu.