Sponji za Paa la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Mei 2007. Kibomet, Kitale.
Wiki ya tatu tangu mke wangu Nekoye arudi kwao Kanduyi. Ati nina mipango mingi na kazi kidogo! Leo nimepata habari tamu: nyumba mpya ya mama yake inaingiza mvua. Ile iliyoezekwa na Ngige, mume wa dada yake Nekoye, fundi wa kusifiwa na kila mtu. Ameacha nafasi wazi kati ya migongo ya mabati na mbao. Popo wanaingia na kutoka. Nitaziba zote, na Nekoye atarudi akiniomba radhi.

Jumanne, 8 Mei.
Dukani kuna sponji maalumu, zimekatwa mawimbi sawasawa na bati. Bei ya wizi! Sponji ni sponji. Nimelikata godoro letu kwa kisu cha mkate. Vipande themanini. Kitanda kimebaki mbao. Si neno.

Jumatano, 9 Mei. Kanduyi.
Kwetu Wabukusu, mkwe hamkaribii mama mkwe, sembuse kupanda paa lake. Basi nilisimama nje ya ua nikimpigia kelele fundi Jotham: paka gundi, bandika sponji, kaza bati kwa skrubu. Akauliza kama tungoje mbao zilizolowa mvua zikauke. Nikamwambia asinifundishe kazi. Akaharibu kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hasira zikanipanda, nami nikapanda paa. Si mama alikuwa kanisani? Hakuwa. Aliingia langoni, akainua macho, akaiona suruali yangu iliyopasuka nyuma. Akajifunika leso usoni, akarudi barabarani mbio. Ngige ni Mkikuyu. Yeye hupanda paa hilo atakavyo, na akishuka anakuta chai!

Ijumaa, 11 Mei. Kibomet.
Jana mvua kubwa. Kumbe sponji ya godoro inakunywa maji. Ilishiba, ikamwagia mama mkwe kitandani. Khisa, kaka yake Nekoye, amenipigia simu. Wazee wanataka kondoo kwa kosa la kupanda paa la nyumba, nisirudie tena. Na Nekoye amelitambua godoro, alilonunua kwa mahindi yake mwenyewe. Ametuma neno: "Mwambie huyo alale kwa hizo mbao, bana. Mimi sirudi." Nimekaa juu ya mbao nikalia. Siandiki kwa utani. Nampenda yule mwanamke.

Jumapili, 13 Mei.
Kondoo ameenda. Ngige amebandua takataka zangu, akapangusa mbao zikakauka, akabandika sponji za duka. Nyumba kavu. Mama amemwombea kanisani kwa jina. Mimi hakunitaja hata kati ya wagonjwa.

Lakini Khisa ameropoka: kwenye jiko la mama, lile la kando ya nyumba, nafasi bado ziko wazi. Sofa letu lina mito sita. Kosa langu lilikuwa moja tu, sikuzifunga sponji kwa nailoni. Kesho naenda mwenyewe, bila Jotham wa kunichelewesha. Wazee walikataza paa la nyumba. La jiko hawakulitaja.