Hotuba ya Kukabidhi Gari la Wagonjwa Tulilolikimbilia Sikukuu Nzima

(Viwanja vya zahanati ya kijiji cha Mwashilalo, Kishapu, mwezi Januari, saa sita na nusu mchana. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Anapanda jukwaani, anafuta miwani, anagonga kipaza sauti mara nne.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji, mliopo na mliotoa udhuru, viongozi wetu wa dini, shehe na mchungaji, ambao nawaona mmegawana mwavuli mmoja, jambo linaloashiria mshikamano, wazee wa mila, wanunuzi wa pamba, wauza ng'ombe, wadau wa dhahabu mliotoka Kahama na Geita kwa nauli zenu wenyewe, kikundi cha ngoma, kikundi kingine cha ngoma ambacho kimeambiwa kisubiri, mwandishi wa habari mwenye kamera, mwandishi wa habari asiye na kamera, akina mama, akina baba, vijana, na wengine wote ambao sijawataja si kwa dharau bali kwa ufinyu wa karatasi: mimi Donatus Maige, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Kamati ya Uratibu wa Uhamasishaji wa Mbio za Hisani za Sikukuu, Kanda ya Pamba na Dhahabu, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni.

(Wazee: "Marahaba." Makofi machache. Wengi mikono yao ina kazi ya kukinga jua.)

Hayo ndiyo makofi ya Kishapu? Hebu rudieni, mimi si mgeni wa harusi. (Makofi.) Afadhali.

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba mwezi Desemba kamati yangu ilibuni, ikachakata, ikapembua kwa upembuzi yakinifu, na hatimaye ikazindua, katika hoteli moja yenye viyoyozi pale Geita, Chalenji ya Kimbia Kivyako, yaani mbio za hisani zisizo na njia, zisizo na saa, zisizo na fulana wala refa, ambapo kila mtu, kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya, anakimbia anapotaka, anavyoweza, kwa mwendo wake mwenyewe, kisha anatuma kilomita zake kwenye grupu letu la WhatsApp, na tukifikisha kilomita elfu hamsini, Mwashilalo inapata gari la wagonjwa. Wataalamu wanaita hiyo frimuweki fleksibo. Nilipoulizwa kwenye semina fleksibo maana yake nini, nilijibu palepale: ni kitu ambacho hata ukikikalia hakivunjiki.

(Kicheko kimoja, cha katibu wake, Hamza.)

Na kwa nini gari? Kwa sababu kutoka hapa mpaka hospitali ya Mhunze ni kilomita kumi na tisa, na mama akizidiwa na uchungu hupakiwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na shemeji yake, na mvua ikinyesha tope la mbuga linashika tairi, na msimu uliopita, kwa mujibu wa taarifa iliyonifikia, kijiji hiki kilizika akina mama wawili wakiwa na watoto wao tumboni. Nawapongeza sana kwa uvumilivu.

Ndiyo maana nilielekeza, kwa barua yenye mhuri, kwamba leo awepo hapa mbele mama mjamzito halisi, wa miezi tisa kamili, apigwe picha na gari, ili impakti ya mradi ionekane kwa macho. Salome, mwanangu, simama wakuone. (Salome anasimama akimshikilia mumewe, Ngusa. Amekaa juani tangu saa mbili.) Geuka ubavu kamera ipate tumbo. Vizuri sana. Hapana, usikae kwanza, huyu bwana anabadilisha betri. Haya, kaa.

Sasa takwimu. Kuna watu walisema Desemba ni mwezi wa jembe, watu wanapanda pamba, nani atakimbia? Wenye midomo hiyo nawaomba leo waazime masikio. Tumefikisha kilomita sitini na moja elfu, mia nne na nane, na nusu! (Makofi.) Nusu hiyo ni yangu, nitaieleza.

Akina mama wa Mwashilalo mnakwenda lamboni kuchota maji, kilomita nne kwenda, nne kurudi, kila siku iendayo kwa Mungu. Mtaalamu mmoja kijana akaniambia, mzee, hawa wanatembea. Nikamuuliza, na wakikuta foleni ya ndoo, hawakimbii? Tukajumlisha. Ng'ombe wenu walikimbia kwenda kwenye maji, wachungaji wakakimbia nyuma yao, tukajumlisha wachungaji, tukajumlisha na ng'ombe, ila kwa kuwa ng'ombe ana miguu minne tuligawanya kwa mbili ili tusionekane tuna tamaa. Na kule machimboni Geita, siku mbili baada ya Krismasi, iliposikika rashi, kwamba kuna duara, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu upande wa pili wa mlima, vijana elfu moja na mia sita waliacha pilau kwenye sahani wakatimua mbio kilomita tisa. Rashi yenyewe ilikuwa uongo, lakini mbio, ndugu zangu, mbio zilikuwa za kweli! Tukajumlisha. Hata mwizi wa kuku aliyefukuzwa hapa gulioni ameingia, pamoja na waliomfukuza. Hisani haibagui mtu.

(Kicheko. Mwenye kuku hacheki.)

Mimi binafsi nilitoa mfano kama kiongozi. Nilifanya kilomita elfu moja, mia tatu na kumi na tano, na nusu, Kahama mpaka Geita, Geita mpaka Shinyanga mjini, nikapita hadi Buzwagi, kwa V8 ile mnayoiona pale. (Sauti nyuma: "Kwa gari?") Ndiyo, kwa gari! Gari lilikimbia au halikukimbia? Na mimi nilikuwa ndani au nje? Sasa nilifikaje mimi bila kukimbia? Wananchi, elimu ni muhimu.

Napenda pia, kwa kifupi, kumtambua muuguzi wenu, Sista Sesilia, ambaye naambiwa yeye alikimbia kwa miguu. (Makofi makubwa. Vigelegele. Watu wanasimama.) Kilomita mia na kumi na mbili, kila alfajiri akitoka zamu, kwa raba za kuazima. Inatosha. Nimesema inatosha! Hayo makofi yamezidi hata yangu, na itifaki hairuhusu. Ni bidii nzuri, ingawa haina ubunifu.

(Salome anainama, anashika mguu wa kiti. Mama mmoja: "Mayu! Maji yamemwagika." Sesilia anakimbilia mbele, anampeleka ndani ya zahanati pamoja na Ngusa.)

Naomba utulivu. Hilo ni jambo la kheri, na kamera ilipate. Kama nilivyokuwa nasema, ukurasa wa sita, utashi wa kitaasisi katika kujenga utamaduni wa hisani jumuishi, shirikishi na endelevu ni nyenzo ambayo...

(Sesilia anatoka zahanati. Anapanda jukwaani bila kukaribishwa. "Mheshimiwa, samahani. Mtoto amekaa vibaya, ametanguliza makalio, na mama anatoka damu. Hapa sina uwezo. Anatakiwa Mhunze sasa hivi. Naomba gari.")

Gari lipi, Sista?

("Ulilokuja kulikabidhi.")

Aa, hilo. Hilo, Sista, lazima tuelewane kitaalamu. Gari lina hatua. Hatua ya kwanza ni mwananchi kulitamani. Hatua ya pili ni kulikimbilia. Hizo mbili tumezikamilisha kwa asilimia mia moja na ishirini na mbili, na katika nchi nyingi hapo ndipo watu hupewa vyeti, na vyeti nimekuja navyo, vipo kwenye boksi.

(Ngusa, mlangoni: "Gari liko wapi, baba? Mke wangu anakufa!")

Ngusa, mwanangu, usipige kelele mbele ya mgeni rasmi. Hakuna anayekufa kwenye hafla yangu.

("Basi tupe hilo V8!" Umati: "Tupe! Tupe hilo!")

Hilo lina ratiba! Saa tisa natakiwa niwe Ibadakuli uwanja wa ndege, kesho natoa mada Dar es Salaam, mbele ya stekiholda wa ngazi ya juu, yenye kichwa "Mwashilalo Ilivyojipatia Gari la Wagonjwa". Nikichelewa nani atawasemea? Halafu viti vyake ni vyeupe, jamani. Tuwe wakweli.

(Sesilia anashika kipaza sauti. "Mheshimiwa, mimi nilikimbia. Kucha mbili zimeng'oka. Kila asubuhi nilikuwa najiambia, Sesilia, kaza, wale wawili uliwashika mikono mpaka wakapoa, wa tatu hatakufa. Nilikuwa nakimbilia gari, sikukimbilia cheti. Kama halipo sema halipo, ili nijue namfanyia nini huyu mama." Anarudisha kipaza sauti, anaondoka. Baadhi ya akina mama wanalia.)

Maneno makali hayo. Nayapokea, nitayafanyia kazi. Ila "halipo", Sista, si neno la kiutawala. Sisi tunasema gari limo katika dhana. Sasa kwa kuwa naona hisia zimepanda na jua limepanda, niruke kurasa saba nifunge kwa kaulimbiu. Nikisema Kimbia, mnasema Kivyako. Kimbia!

(Watu wote wamegeuka upande wa zahanati. Dereva wa mgeni rasmi, Bashiri, amerudisha V8 kinyumenyume mpaka mlangoni. Akina mama wanavua khanga na kuzitandika juu ya viti.)

Kimbia! Mbona hamjibu? Hisani oyee! Uzazi salama oyee!

(Salome anapakiwa. Sesilia anaingia, Ngusa anaingia. Shehe na mchungaji wanafungua geti, kila mmoja upande wake. V8 inaondoka. Vigelegele.)

Bashiri! We Bashiri! Nani amekuruhusu? Rudisha gari hilo, mshenzi wewe, nitakufuku...

(Mwandishi mwenye kamera anamgeuzia kamera.)

...nitakufukuzia wapi, Bashiri, kijana wangu hodari, nenda, nenda salama, kama tulivyopanga! Mnaona, ndugu wananchi? Kuna walioanza kunung'unika, wakadhani kamati yangu ni ya maneno. Gari la wagonjwa lile pale, linatimua vumbi kwenda Mhunze! Kilomita elfu sitini na moja hazikwenda bure! Ndugu mwandishi, umepata vumbi? Lipate vizuri.

Nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Niwashukuru wananchi kwa kukimbia, ng'ombe kwa kukimbia, hoteli kwa chakula. Nimshukuru Salome, na Mwenyezi Mungu amjalie ajifungue salama. Na kipekee nimshukuru dereva wangu Bashiri, ambaye ndani ya dakika tatu, bila semina, bila posho, ametekeleza mradi ambao mimi na kamati yangu hatukuwahi kuufungulia jalada, wala kuuandikia barua kwa mtu yeyote, wala hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa anazisubiri hizo kilom...

(Anafunika kipaza sauti kwa kiganja.)

Hamza, hilo la mwisho lisiandikwe.

(Hamza: "Nimeshaandika, mzee. Na wao wamesikia.")

Basi andika na kwamba niliwashukuru.