Nadhiri ya Korosho na Sosi ya Sifuri

Jumatatu, 4 Machi

Goti limepona. Ole wangu! Nilipokuwa nikiugulia, nilimwekea Bhagavati, mungu mama wa hekalu letu, nadhiri: likipona, nitakaa kwenye mizani ya hekalu na kutoa korosho za shamba langu, uzito sawa na wangu. Ningeweza kusema ndizi. Maumivu hayana busara.

Nimepanda mizani ya duka la mbata. Kilo sabini na tatu. Korosho nilizovuna ni sabini. Za kujazia anazo mtu mmoja tu, shemeji yangu Achuthan, ambaye kila msimu hutangaza kwamba mikorosho yake imezaa kuliko yangu. Nimwombe yeye? Kamwe! Nitapungua mimi. Siku ya kupimwa ni Jumapili, tarehe kumi na saba.

Jumanne, 5 Machi

Wokovu! Binti yetu Remani ametuletea kutoka Maskati katoni ya sosi nyeupe ya saladi. Kwenye chupa, kwa herufi kubwa: KALORI 0. Nimefundisha shule maisha yangu yote. Naijua sifuri nikiiona. Sifuri mara chupa nzima ni sifuri. Nimeacha wali. Nala matango tu, na sosi juu yake mpaka yasionekane. Mke wangu Devayani ameuliza kama matango nayala au nayaogesha. Wivu.

Jumamosi, 9 Machi

Sosi ni tamu kupita kiasi. Nimeacha matango, yananichelewesha. Shuka inabana kiunoni, nimemkaripia dobi. Achuthan amepita barazani, akanikuta nikilamba kifuniko. Amesema, "Mwalimu, unanawiri." Uchokozi mtupu.

Jumatano, 13 Machi

Sabini na tano! Nimemwambia mwenye duka kwamba mizani yake imeoza. Akapakia jiwe la kilo kumi. Mizani ikasoma kumi. Achuthan, aliyekuja kuuza mbata, akaichomoa chupa kwenye mfuko wangu, akavaa miwani na kusoma maandishi madogo ya mgongoni kwa sauti ya ibada: kipimo kimoja ni robo kijiko cha chai, kalori zisizofika tano kwa kipimo huandikwa sifuri, kiungo cha kwanza, mafuta.

"Shemeji," akasema, "wewe hukula saladi. Umekunywa debe la mafuta kwa awamu!"

Duka zima likacheka. Nikawajibu kwamba maandishi ya mbele hayana hata kitenzi, basi kosa ni la mwandishi, si la msomaji. Hakuna aliyejali.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefunga siku mbili. Nimepungua heshima tu. Basi, kama mimi siwi mwepesi, korosho ziwe nzito. Nimeyamwagia magunia maji, ndoo baada ya ndoo. Devayani amesema Mama anaona. Nimemjibu kwamba mizani hupima uzito, haipimi unyevu.

Jumapili, 17 Machi

Fedheha! Nimeketi kwenye sinia la mizani kifua wazi, bila saa, bila pete. Upande wa pili, magunia yangu. Maji yakaanza kutiririka sakafuni hadi miguuni pa kuhani. Kuhani akauliza ni nini hiki. Achuthan akadakia kutoka kwenye umati, "Korosho za Mwalimu, baba! Zinamlilia!"

Kuhani akaamuru magunia yaondolewe. Achuthan akaagiza ya kwake. Yakaja makavu, yakapangwa moja baada ya jingine, nami nikainuliwa juu, miguu ikining'inia, kwa korosho za Achuthan! Kengele zikalia. Akaniambia niendelee kunenepa bila hofu, ghalani ziko nyingine.

Hasira ikanipanda. Hapohapo juu ya sinia, mbele ya watu wote, nimetamka nadhiri mpya: mwezi ujao nitapimwa tena, kwa korosho zangu mwenyewe, kavu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitumia kijiko kikubwa. Ikiwa kisichofika kalori tano ni sifuri, basi siri yote imo katika kukata. Devayani amepika halua ya ndizi, inang'aa kwa samli. Nimeikata kwa wembe, vipande kama punje za mchele. Hakuna hata kimoja kinachoweza kufika tano.

Nimekula sahani mbili za sifuri. Tayari najihisi mwepesi.