Kufutwa kwa Salamu za Mlangoni

Jumamosi, 31 Mei 2014. Kumsenga.

Nimepata! Miezi mitatu tangu nichaguliwe mwenyekiti wa vijana kanisani, na vijana wenyewe wote wako kwenye kibanda cha video cha Shamsi wanatazama mpira. Kwetu wamebaki wazee na Crispin mpiga kinanda, ambaye naye ana miaka arobaini. Leo nimegundua tatizo. Salamu! Kila Jumapili Bibi Asnath anasimama mlangoni, anapiga makofi taratibu: mwakeye ya Kiha, umeamkaje, mama kaamkaje, mbuzi je, mguu wa babu je. Dakika tano mtu mmoja! Foleni mpaka kwenye migomba. Kijana gani wa leo atavumilia? Nimemweleza Mchungaji Reverien kwamba tunapitwa na wakati. Akakuna kidevu, akasema nijaribu, ila nisimuudhi bibi.

Sitamuudhi. Nitampa kiti.

Jumapili, 1 Juni.

Moto! Shamsi ameniazima spika. Aliuliza ya kazi gani, nikamwambia kanisa linahitaji mvuto. Akasema msikitini kwao watu wanakuja bila muziki, kisha akacheka. Simjali. Nilisimama mlangoni mwenyewe, miwani ya jua, fulana nyeusi yenye maandishi YESU MCHIZI WANGU. Utaratibu mpya: mimi nasema mambo kwenye maikrofoni, muumini anajibu poa, anaingia. Wote ndani kwa dakika sita! Mzee Venanti alijibu amina, lakini tutamfundisha. Bibi Asnath alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Sikupenda kumtazama sana.

Philomena alikuja pia. Ndiye kijana wetu wa kujivunia, miaka kumi na tisa. Yeye na mama yake walihamia huku kutoka Kasulu baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa na biashara ya mama yake ya kuuza dagaa pale kufa. Hawana ndugu hapa, wanaishi peke yao kule ng'ambo ya mto. Alijibu poa, kisha akasimama kidogo mbele yangu. Nikamwonyesha kwa mkono apite, foleni isikwame.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Vijana wapya wanne! Watatu walikuja kuangalia spika, mmoja alipotea njia, lakini nimewaandika wote. Crispin amegoma kupiga mdundo mpya, anadai wimbo wa toba haupigwi hivyo. Wivu tu. Philomena alichelewa, macho mekundu. Mambo? Poa. Akageuka kama anayetaka kumwendea Bibi Asnath pale kwenye kiti, ila nilikuwa nimeshafungulia muziki. Vumbi la kiangazi linawasumbua watu macho mwaka huu.

Jumatano, 11 Juni.

Mama yake Philomena alifariki jana.

Shamsi ndiye aliyetuletea habari, maana Philomena alikwenda kwenye duka lake la nguo, jirani na kile kibanda, kutafuta kitambaa cha sanda. Mama aliugua zaidi ya wiki mbili. Homa, kisha kutapika, kisha akawa hawezi kusimama. Tumemzika leo saa kumi. Fulana yangu nyingine ilikuwa imelowa, nikavaa ile nyeusi, nikaigeuza ndani nje. Maandishi yalionekana hivyo hivyo.

Pale kaburini Philomena alimwambia Bibi Asnath, bila kupaza sauti, kwamba alikuja Jumapili mbili kusema mama anaumwa. Akaulizwa mambo. Akasema mambo hujibiwa poa, basi akajibu poa.

Mwaka jana Mzee Venanti alibebwa kwa machela mpaka hospitali Kibondo, wanaume wanane wakipokezana, kwa sababu mguu wake ulijulikana pale mlangoni. Huyu mama hakubebwa na mtu. Philomena hakunitazama hata mara moja. Angenitukana ningepata nafuu. Nimelia njia nzima. Ee Mungu, nisamehe. Kuanzia leo mimi si mtu wa mbwembwe tena. Nimeapa.

Jumapili, 15 Juni.

Mchungaji ametangaza salamu za mlangoni zimerudi. Kiti nimekiondoa mimi mwenyewe. Bibi Asnath alipiga makofi, akamshika Philomena mikono, wakakaa hivyo karibu robo saa. Foleni ikafika kwenye migomba na hakuna aliyenung'unika. Shamsi, aliyekuja kuchukua spika yake, naye alipanga foleni, akaulizwa habari za mama yake aliyeko Ujiji. Wale vijana wanne pia walikuwepo, wametulia kabisa. Nikawatazama wote.

Na papo hapo nikaona! Salamu ndiyo mvuto wenyewe! Mbona sikujua? Fulana mpya: MWAKEYE kifuani, viganja viwili mgongoni. Crispin arekodi makofi ya bibi, aweke mdundo chini yake. Kanisa la kule Mabamba wakisikia, watakuja kuiga! Nimemwomba Shamsi aniachie spika wiki moja tu.

Zamu yangu ikafika. Bibi Asnath alipiga makofi taratibu, akaniuliza nimeamkaje, kama nimepata usingizi tangu maziko, na moyo wangu unaendeleaje. Sijalala siku nne. Nikamjibu poa, nikakimbilia spika.