Kuhusu Mchezo wa Noella Unaouliza Watu Kama Wamekula

Kwa Mheshimiwa Shefu wa Kartie,
Kilibula, Uvira.

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama watoto, na nakuomba uketi kabla ya kusoma, maana jambo lenyewe si dogo.

Mimi ni Léopold Nkeshimana, mwenye ile sale, ukumbi wa michezo ya video wenye mlango wa bluu. Kwangu vijana hucheza michezo mikubwa ya ng'ambo: mpira, vita, magari ya mbio. Imetengenezwa na makampuni yenye wafanyakazi wengi kuliko watu wa Sange, kwa fedha ambazo zingetupatia barabara. Sasa mdogo wangu wa kike, Noella, ametengeneza mchezo wake peke yake, jikoni, kwa kompyuta ambayo herufi K hubonyezwa kwa kijiti. Mchezo wenyewe ni huu: mama mmoja ameanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ufukweni, nawe unamsaidia kuzianua kabla mvua haijanyesha. Basi. Vijana wote wamekimbilia huko, na skrini zangu zimebaki zikitazamana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchezo hauna uzito. Unaingia kwenye simu kabla hujamaliza kupiga chafya, hata simu yenye kioo kilichopasuka. Mchezo wangu wa vita ulijaza diski nzima, na siku ya kuuingiza kuran ya umeme ilikatika hadi nikataka kulia. Kitu cha maana lazima kikusumbue kwanza.

2. Hakuna anayekufa. Kwangu kijana huteketeza mji mzima, anashukuru, anarudi nyumbani na moyo mweupe. Thierry, dereva wa pikipiki, alikuwa mteja wangu bora na muuaji hodari. Alicheza ndagala za Noella mchana mmoja, akatoka, akawasha pikipiki, akaenda mpaka Sange kumsalimu nyanya yake. Hajarudi. Nasikia anamsaidia kuvuna mpunga.

3. Kabla hujagusa samaki, yule mama anakuuliza: "Weye, ulisha kula?" Majibu ya kubonyeza ni mawili tu, "Nilisha kula" na "Bado". Mheshimiwa, sisi sote tulilelewa. Mtu akiulizwa hivyo kwa watu, hata kama tumbo linanguruma, anasema amekula. Vijana wa Kilibula walibonyeza jibu la adabu. Mama akawatazama, akasema, "Unadanganya, weye," na mchezo ukaanza upya. Ni mchezo gani unaomwadhibu mtu kwa kulelewa vizuri? Mimi mwenyewe, katika kuukagua, nimerudishwa mwanzo mara nyingi mno, na sijashika ndagala hata moja.

4. Baadhi ya vijana wamegundua jibu la pili, na sasa wanalitumia katika maisha. Jirani yangu, Mama Chérie, aliwauliza wageni wa kikundi cha maombi kama wamekula. Aliuliza kwa heshima tu, akiwa na sufuria moja ya fufu. Wote wakajibu, "Bado." Desturi hii ikitoka kartie, huu mtaa wetu, itafika mpakani, na Bujumbura watatufikiriaje? Nchi haiwezi kuongozwa ikiwa wananchi watakuwa wanasema wana njaa.

5. Yule mama ni mama yetu. Noella amemchora na kitenge chake cha njano na anavyokinga jua kwa mkono, na sauti ni ya Noella akimwiga. Tulimzika mwaka jana. Mimi ndiye mkubwa wa familia na sikuombwa ruhusa. Tangu siku ile Noella hupita mlangoni kwangu kila mchana kuniuliza kama nimekula, nami humjibu kwamba nilisha kula, kwa sababu mimi ni mtu mzima na nina kazi. Haikuwa lazima alipeleke jambo hilo kwenye simu za watu.

Kwa hiyo naomba Noella aamriwe kuukuza mchezo ufikie kiwango cha kimataifa: helikopta, joka, na mlipuko angalau mmoja. Bunduki asimpe mama, hakuzipenda kabisa. Akishindwa hayo yote, basi aondoe lile swali.

Wasalimu wote wa ofisini kwako, pamoja na yule sekretari anayekohoa. Mwambie anywe tangawizi.

Mwananchi wako mwenye uchungu,
Léopold Nkeshimana
Sale ya Michezo "Dunia Kubwa"

N.B. Mheshimiwa, barua ilikuwa tayari, nikaona niukague mchezo mara ya mwisho ili ushahidi ukamilike. Nilibonyeza "Bado". Mama akasema, "Nilijua. Ikala hapa chini, mwanangu." Akaleta sahani, akaketi nami. Mvua ikanyesha, ndagala zote zikalowa, na wala hakuinuka. Tafadhali usiamuru chochote. Na kwa kuwa nyumba ya Noella iko njiani kwako, ukipita, mwambie sijala.